Majenerali wawili wa Dodge

Wiki hii sitaongea mambo ya mihogo wala ya mbolea. Udongo tutaukuta njiani, lakini kidogo tu. Nataka tuongee historia ya zile gari za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 tunazoonaka mu filme: kapo ndefu, milango 2, motere ya silinda 8 inayonguruma mpaka vioo vya nyumba vinatetemeka. Wamarekani wenyewe wanaziita gari za misuli. Sisi huku Mashariki tumezipatia jina moja: Mustang. Charger ikipita, "ona Mustang". Challenger ikipita, "ona Mustang". Hata ile gari nyeusi ya Mad Max, ambayo haikutoka Marekani hata kidogo, nayo ni Mustang.

Mimi ni agronomu, si mekanisie. Lakini kule fakilte walitufundisha kutambua mimea, na ile njia inafaa kabisa hapa. Mbele ya mmea usioujua, hauanze na rangi ya ua. Rangi inadanganya. Unaangalia kwanza majani yamepangwa namna gani, kingo zake, hesabu ya petali, halafu unashuka hatua kwa hatua mpaka unafika kwenye jina. Gari ni vile vile. Rangi ni ya mwisho juu watu wa filme wanapaka rangi wanayotaka. Angalia taa za nyuma. Angalia wavu wa mbele, ule wafaransa wanaita kalandri. Angalia mstari wa paa unavyoshuka nyuma. Ukiwa na hivyo 3, mara mingi jina linakuja lenyewe.

Tuchukue Dodge Charger, juu hiyo ndiyo inachanganya watu zaidi. Ya mwaka 1968 iko na taa za nyuma za mviringo, 2 kila upande, na mbele hauone taa hata moja: zimefichwa nyuma ya kalandri, zinafunguka usiku tu. Ya 1969 ni mwili ule ule, lakini taa za nyuma zimekuwa ndefu, za kulala, na kalandri imegawanywa katikati na kipande kimoja. Ya 1970 kile kipande cha katikati kimeondoka, na parshoki ya kromi imezunguka uso wote sawa fremu ya picha. Hiyo ya 1970 ndiyo gari ya Dom katika The Fast and the Furious ya 2001, ile baba yake aliyomwachia na ambayo yeye mwenyewe anaogopa kuendesha. Miaka 3, nyuso 3, na mtu akiisha kujua hatachanganya tena.

Kuna alama ingine ambayo inanifurahisha juu inatoka kwa sheria, si kwa fundi. Kuanzia Januari 1968 serikali ya Marekani ililazimisha gari mpya ziwe na taa ndogo ao vioo vya kumulika pembeni, mbele na nyuma. Kwa hiyo ukiona Mustang ao Camaro ambayo ubavu wake ni safi, hauna kitaa chochote, jua ni ya 1967 ao mbele ya hapo. Mwaka mmoja baadaye wakaongeza sehemu ya kuegemeza kichwa kwenye viti vya mbele. Yaani sheria inaacha alama juu ya tole sawa mvua inavyoacha alama juu ya kilima.

Sasa filme zenyewe. Ya kwanza lazima iwe Bullitt ya 1968, ya Peter Yates, na Steve McQueen akicheza polisi wa San Francisco. Ile ni Mustang kweli, GT 390 ya 1968, kijani cha giza. Lakini hata hapo watu wa filme walifanya ujanja: waliondoa ule farasi anayekimbia kwenye kalandri, wakaondoa na taa za ukungu, wakabadilisha janti. Gari ikabaki bila jina usoni. Ukitaka uhakika angalia nyuma: kila upande taa 3 zimesimama wima. Hiyo ndiyo sahihi ya Mustang.

Anayeifukuza, kisha anayefukuzwa, ni Dodge Charger R/T nyeusi ya 1968, motere 440, yaani litre 7,2. Kwa karatasi Charger ilikuwa na farasi 375, Mustang 325. Mbio zile zinachukua karibu dakika 11, na motere zikianza kulia kweli kweli muziki wa Lalo Schifrin unanyamaza. Hakuna ngoma, hakuna maneno. Ni vitesi tu, na matairi. Mhariri wake, Frank P. Keller, alipata Oscar juu ya kazi ile, na mimi naona alistahili, hata kama aliacha makosa ambayo mtu mwenye jicho anaona: Charger inapoteza vifuniko vya magurudumu zaidi ya 4, sijui ilizaliwa na magurudumu ngapi, na kuna Volkswagen moja ya kijani ambayo wanaipita, kisha wanaipita tena, na tena. Kumbe ni tukio lile lile lililopigwa na kamera tofauti.

Mustang za Bullitt zilikuwa 2, namba zake zinafuatana, zote zilitoka kiwanda cha Ford cha San Jose, California. Moja ilifanya kazi ya kuruka vilima, ikaumia, ikatupwa. Mwaka 2017 ikaonekana Mexico, imeoza vizuri. Ingine iliuzwa na kuuzwa tena, mpaka 1974 familia moja ikainunua kwa dola 6.000 na kuitumia sawa gari ya kila siku, mama wa nyumba akienda nayo kazini kufundisha. McQueen mwenyewe aliwaandikia barua mwaka 1977 akiomba wamuuzie. Hawakuuza. Januari 2020 ikaenda mnadani Florida, nyundo ikapigwa kwa dola milioni 3,4 bila kuhesabu malipo ya mnada. Na bado iko na mikwaruzo yake.

Filme ya pili ni Vanishing Point ya 1971, ya Richard C. Sarafian. Kowalski, aliyepigana Vietnam, aliyekuwa polisi, aliyekuwa shoferi wa mashindano, anapewa Dodge Challenger R/T nyeupe ya 1970 aipeleke kutoka Denver mpaka San Francisco. Anaweka dau kwamba atafika kesho yake saa tisa ya mchana. Ni hiyo tu. Hakuna hadithi ingine. Polisi wa majimbo yote wanamfuata na yeye hasimame. Kwangu hii ni nzuri kuliko Bullitt, najua wengine watakataa.

Challenger ya 1970 na ya 1971 zinatofautiana nyuma: ya 1970 taa zimejaza upana wote, na taa nyeupe ya kurudi nyuma iko katikati. Mukikumbuka hiyo, simamisha filme kwenye mlipuko wa mwisho, pale gari inagonga matingatinga. Gari inayokufa pale si Challenger. Ni Camaro ya 1967 ambayo walitoa motere, wakaipaka nyeupe, wakaivuta. Chrysler iliwakopesha Challenger, na hakuna aliyetaka kulipua moja.

Zingine nipite mbio. Katika John Wick ya 2014, yule kijana anayetaka kununua gari kwenye stesheni ya esansi anaiita Boss 429. Ile waliyopiga picha ilikuwa Mach 1 ya 1969. Eleanor wa Gone in 60 Seconds ya kwanza, ya H. B. Halicki ya 1974, ni Mustang ya 1971 iliyovalishwa uso wa 1973, ya manjano, wala haifanane na ile ya Nicolas Cage ya mwaka 2000, ambayo ni Mustang ya 1967 iliyovalishwa nguo za Shelby. Na Mad Max: ile ni Ford Falcon ya Australia. Alama yake ni vola. Iko kuume. Sisi wa Mashariki macho yetu yamezoea vola ya kuume juu ya gari zote zinazotuingilia kutoka Dubai na Japani, ndiyo maana hatushtuke. Lakini Mmarekani wa 1973 hakuwekaka vola kuume.

Bon. Kutambua tu ni mchezo. Swali ambalo lilinifanya niandike ni lingine: hizi gari zilitoka wapi, na kwa mikono ya nani?

Hadithi ambayo watu wote wanaijua inaanza na Pontiac, mwaka 1964. Kampuni mama, General Motors, iliweka sheria kwamba gari za ukubwa wa kati hazitapewa motere ya kupita inchi za ujazo 330, karibu litre 5,4. Wahandisi wa Pontiac, na mkubwa wao John DeLorean, wakasoma sheria vizuri. Ilisema juu ya gari yenyewe, haikusema juu ya nyongeza ambazo mteja anaomba. Basi wakachukua Tempest LeMans, wakaweka motere kubwa ya 389 kama nyongeza ya hiari, wakaibatiza GTO, jina waliloazima kwa Ferrari bila aibu. Walipanga kuuza chache. Waliuza zaidi ya 32.000 mwaka ule wa kwanza. Wakubwa hawakuwa tena na nguvu ya kukataza.

Mwezi wa nne wa mwaka ule ule, tarehe 17, Ford ikaonyesha Mustang kule New York, bei kuanzia dola 2.368. Chini yake ilikuwa tu Falcon, gari ya kawaida ya familia, iliyopewa nguo nzuri. Mbele ya miaka 2 kuisha walikuwa wameuza milioni. Sababu iko wazi: watoto waliozaliwa nyuma ya vita ya 1939–1945 walikuwa wanafikisha miaka 18, wengi kuliko kizazi chochote, wakiwa na kazi, ao baba wenye kazi, na esansi ikiwa bei ya maji. Vijana wengi, pesa kidogo mfukoni, njia ndefu zilizonyooka. Kila kampuni ikakimbilia hapo: Camaro, Firebird, Charger, Barracuda, Challenger. Kufika 1970 Chevrolet iliuza Chevelle ya litre 7,4 iliyoandikwa farasi 450, kwa mtu yeyote mwenye permi na sahihi.

Hapo ndipo vitabu vingi vya wapenzi wa gari vinaishia. Mimi nataka tuingie kiwandani.

Ndani ya Detroit kuna mji mdogo umezungukwa pande karibu zote na mji mkubwa, unaitwa Hamtramck. Ndugu wa Dodge walianza kiwanda chao pale tangu 1910, watu wakakiita Dodge Main. Ni pale walifunga Challenger na Barracuda za Mashariki ya Marekani, na Charger nyingi. Wapolandi walikuwa wengi kwanza. Kisha, nyuma ya vita, weusi waliotoka Kusini, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Kufika 1968 weusi walikuwa wengi kwenye mstari, hasa kwenye kazi za moto, za rangi na za kulehemu. Wasimamizi karibu wote walikuwa weupe. Julai 1967 Detroit iliwaka kwa siku 5, watu 43 walikufa. Mwaka mmoja haujaisha, gari zikaendelea kuombwa na kuombwa, na kampuni ikafanya jambo rahisi: ikaongeza mwendo wa mstari.

Munielewe vizuri hapa. Mstari wa kiwanda haungojee mtu. Gari inakuja mbele yako, uko na sekunde kadhaa za kufunga boli zako, inaenda, ingine imefika. Mukubwa akigeuza kidogo, badala ya gari 50 kwa saa zinakuja 58, na mshahara ni ule ule. Wafanyakazi weusi walisema kwa uchungu kwamba kile kampuni inaita mashine za kisasa ni mtu mweusi mmoja anayefanya kazi ya watatu. Sisi tunaangalia filme tunasema "ona mbio". Mbio zilianzia pale, ndani, na hazikuwa na muziki wala pare-brise.

Tarehe 2 Mei 1968 watu wa Dodge Main waliacha kazi bila ruhusa ya sendika, juu ya mwendo wa mstari. Wamama wa Kipolandi na vijana weusi pamoja. Lakini adhabu ilipokuja ilichagua rangi: weusi ndio waliumia zaidi. Mmoja aliyefukuzwa kabisa alikuwa kijana wa miaka 26 aliyeitwa General Baker. General ni jina lake la kuzaliwa, si cheo. Yeye na wenzake wakaanzisha harakati ya mapinduzi ndani ya sendika ya Dodge, kwa kifupi DRUM, na kwa Kingereza kifupi hicho kinasomeka "ngoma". Walitoa gazeti dogo la karatasi, wakaligawa mlangoni kila wiki, likiwataja wasimamizi kwa majina na kusema wazi kwamba sendika kubwa, UAW, imelala kitanda kimoja na kampuni. Julai walisimamisha kazi tena, na gari nyingi hazikutoka. Viwanda vingine vikafuata mfano. Mwaka 1969 wakaungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi Weusi wa Mapinduzi.

Kwenye kiwanda kingine cha Chrysler, Eldon Avenue, walikotengeneza ekseli, kijana mmoja mweusi wa miaka 22 aliyerudi mzima kutoka Vietnam alikufa mwezi wa tano 1970, gari ya kunyanyua mizigo, iliyojulikana kuwa mbovu, ilipinduka ikamfunika. Kowalski wa filme naye alirudi kutoka Vietnam. Mwaka huo huo wa 1970, kampuni hiyo hiyo, ilitoa gari zake ziendeshwe jangwani mbele ya kamera. Mimi sisemi watu wa filme walijua. Nasema tu tarehe zinakaa karibu sana.

Na mukirudi kuangalia Vanishing Point na macho hayo, mutaona jambo. Mtu mweusi mkubwa wa filme ile ni Super Soul, mwenye radio, aliyechezwa na Cleavon Little. Ni yeye anamwongoza Kowalski kwa sauti, anamwambia polisi wako wapi, anamtia moyo. Ni kipofu. Kundi la weupe linaingia radioni na kumpiga. Ana sauti, ana akili, ana moyo, lakini hapewe vola. Katika filme hizi za zamani mtu mweusi nyuma ya vola ya gari ya misuli ni adimu, na hali ni yeye alikuwa ameifunga boli.

Sasa jenerali wa pili. Kuanzia Januari 1979 mpaka 1985 televizio ya CBS ilionyesha The Dukes of Hazzard, hadithi ya vijana 2 wa kijijini kule Georgia wanaoruka mito na gari yao. Gari ni Dodge Charger ya 1969, rangi ya machungwa, namba 01 ubavuni, milango imelehemuwa kwa hiyo wanaingia kwa dirisha. Watu wengi hata kwetu wameiona, kwa filme ya 2005 ao kwa vipande vya simu. Jina la gari ni General Lee. Robert E. Lee alikuwa jenerali wa yale majimbo ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861 ili utumwa usiguswe. Juu ya paa wamechora bendera ya vita ya majimbo hayo. Honi inapiga wimbo wao.

Walitumia karibu Charger 300, juu kila ikiruka na kuanguka chini ilikuwa imekwisha: chasi inapinda na haitengenezeki tena. Zilipokosekana za 1969 walichukua za 1968 wakabadilisha kalandri na taa za nyuma, na sasa munajua mahali pa kuangalia. Charger za 1969, nyingi, zilitoka Dodge Main. Kwa hiyo fikiria tole lile. Limepita mikononi mwa mtu mweusi wa Hamtramck, mjukuu wa mtumwa, mwaka ule ule wenzake wanafukuzwa juu ya kusema neno. Miaka 10 baadaye mtu amelipaka machungwa na kuchora juu yake bendera ya waliomfunga babu yake. Na watoto wa dunia nzima wananunua kagari kale ka kuchezea.

Kuna wanaosema ni mchezo tu, vijana wale wa hadithi hawakuwa na ubaya na mtu. Nimesoma hoja hiyo na siikubali. Bendera haiulize shoferi kama ana moyo mzuri. Juni 2015, kijana mmoja mweupe aliyepiga picha zake na bendera ile aliua weusi 9 waliokuwa wanasoma Biblia ndani ya kanisa lao Charleston. Ndipo wenye mali wakaona. Warner Bros. ikasimamisha General Lee za kuchezea zenye bendera, na televizio moja ikaondoa vipindi vya zamani. Nyuma ya miaka 36.

Gari zenyewe zilikuwa zimekufa zamani. Waliosema ni kwa sababu ya bei ya petroli ya Waarabu ya Oktoba 1973 wanasema nusu. Kufika wakati ule zilikuwa tayari mgonjwa wa kitandani. Asiransi ilianza: kijana wa miaka 20 mwenye GTO alilipishwa asiransi inayokaribia kumshinda kuliko gari. Kisha ikaja sheria ya hewa safi, iliyosainiwa na Nixon tarehe 31 Desemba 1970. Motere zile zilikandamiza hewa na esansi kwa nguvu kubwa sana, na ili zisigonge zilihitaji esansi yenye madini ya risasi, ile plomb. Vifaa vya kusafisha moshi vinaharibika na risasi. Basi 1971 General Motors ikapunguza mkandamizo, farasi wakapungua, na 1972 wakabadilisha hata namna ya kuwahesabu, namba zikaanguka zaidi.

Hapa ndipo udongo niliowaahidi. Risasi iliyotoka kwenye moshi haikuenda mbinguni. Ilishuka na ikakaa kwenye sentimita za juu za udongo, kandokando ya barabara na kwenye viwanja vya mitaa ya ndani ya miji. Haiozi. Mvua haiipeleke mbali, inashikwa na udongo wa mfinyanzi na mboji. Mpaka leo Detroit na miji mingine, mtu akitaka kulima mboga nyuma ya nyumba wanamshauri apime udongo kwanza, ao alete udongo mwingine na kulima ndani ya masanduku ya mbao. Watoto wanaokula vumbi lile wanaharibika akili, na watoto wa mitaa ile ni wa nani, munajua. Afrika yetu ya kusini ya Sahara iliachana na esansi ya risasi mwanzo wa 2006 tu. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, 2021. Wale mnaolima mchicha kando ya barabara kubwa, tutaongea siku ingine.

Dodge yenyewe ilisimamisha Challenger na Charger za silinda 8 mwezi wa 12 wa 2023. Charger mpya ya umeme iko na mashine inayotoa sauti ya bandia ili ingurume sawa ya zamani, jambo ambalo mimi naona ni kichekesho. Betri za namna ile zinapenda kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Juu ya hiyo sitaandika leo, wenzetu wa Kolwezi wanaijua kuniliko.

Dodge Main ilifungwa Januari 1980, ikabomolewa 1981. Na mtaa wa jirani, Poletown, nao ukafagiliwa, watu zaidi ya 4.000 wakahamishwa, ili General Motors ijenge kiwanda kingine mahali pale. Leo kinatoa gari za umeme.

General Baker hakurudi Dodge kamwe. Jina lake lilikuwa limezunguka viwanda vyote, hakuna aliyemtaka, mpaka akaingia Ford kwa jina lingine, kule Rouge, Dearborn, kwenye moto wa chuma. Ni katika uwanja ule ule Ford ilikuwa inafunga Mustang. Alibaki mtu wa sendika na wa mtaa mpaka alipofariki, Mei 2014.

Yeye na wenzake nao wako na filme yao. Inaitwa Finally Got the News, ya 1970, nyeusi na nyeupe, haifike hata saa moja. Hakuna anayeruka kilima. Wanaonyesha mstari wa kiwanda, mikono, uso wa mtu aliyechoka saa kumi ya asubuhi, gazeti linagawiwa mlangoni. Mwenye kuipata kwenye intaneti aiangalie nyuma ya Bullitt, siku moja, zote mbili. Mimi niliziangalia kwa mfuatano huo, na mara ya pili niliporudia zile dakika 11 za San Francisco nilijikuta naangalia zile tole, mahali zinaungana kwenye mlango.